Uso Umeumbwa na Haya

Paukwa!

Pakawa. Wale wa nyuma mmejibu kwa uvivu, lakini sogeeni, mkeka unatosha. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina lifti, mshumaa na tone la zebaki, na ni ya kweli. Ilitokea mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani.

Siku hizo hapakuwa na simu za kuperuzi. Lakini walimu na wanafunzi wa kompyuta wa chuo kile walikuwa na ubao wao wa matangazo ndani ya kompyuta: mmoja anaandika, wote wanasoma. Basi wakaanza kuulizana fumbo la fizikia. Tuseme kamba ya lifti imekatika na lifti inaporomoka. Ndani mna mshumaa unaowaka na tone la zebaki. Je, mshumaa utaendelea kuwaka? Zebaki itakaaje? Wakabishana kwa raha zao. Katikati ya ubishi, mmoja akaandika kwa mzaha, kwa lugha ya tangazo rasmi kabisa, kwamba kutokana na jaribio la fizikia lililofanyika karibuni, lifti moja ya jengo lao imechafuliwa na zebaki, tena imeungua kidogo.

Zebaki ni sumu, wajukuu. Waliofuatilia ubishi tangu mwanzo walicheka. Waliochelewa, wakalikuta tangazo peke yake, waliliamini. Ikabidi waelezwe kwamba ule ulikuwa utani.

Wasomi wakakuna vichwa. Utani wa ana kwa ana hujieleza wenyewe, kwa sababu unamwona mwenzako anavyobana kicheko. Utani wa maandishi tutautambuaje? Mmoja akasema tuweke alama ya nyota, mwingine akasema alama ya asilimia. Tarehe 19 Septemba mwaka ule, Scott Fahlman akaja na lake: nukta mbili, kistari, mabano ya kufunga. Hivi :-) Inamisha kichwa upande wa kushoto, utaona uso unaotabasamu. Kwa jambo lisilo la mzaha akapendekeza uso ulionuna, hivi :-( Na vile viuso mnavyovitumia leo ni vitukuu vyake.

Sasa tazameni. Hawa walikuwa watu wazima, tena mabingwa wa kompyuta. Wengi wao walikuwa jengo moja, wakipanda lifti zilezile. Hata hivyo walipoandikiana walishindwa kumjua anayetania na anayesema kweli. Ikabidi wachore uso, maana huo ndio uliokosekana.

Waswahili husema uso umeumbwa na haya. Umekusudia kumwambia mwenzako neno kali, umelipanga tangu asubuhi. Unafika mlangoni kwake, unabisha hodi, anatoka, anakuambia "karibu", unayaona macho yake. Nusu ya maneno yanakwama kooni. Huo si woga. Ni haya inafanya kazi yake.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, nchini Israeli, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walitaka kujua ni kitu gani hasa huwafanya watu wawe wakali wanapoandikiana. Waliwakusanya watu 142, wakawapanga wawili wawili, kila mmoja na kompyuta yake, wakawapa mtihani mgumu: dawa ya kuokoa maisha ni moja, wanaoihitaji ni wawili. Jadilianeni mpaka mkubaliane apewe nani. Wengine walitajiwa majina ya wenzao, wengine hawakutajiwa. Wengine walionana kwa kamera, wengine hawakuonana. Na wako ambao kamera ziliwekwa ili macho yao yakutane hasa.

Ungedhani anayefichwa jina ndiye anayetukana zaidi. Haikuwa hivyo. Kilichochochea vitisho na lugha chafu kuliko vyote kilikuwa kutotazamana macho kwa macho. Ndiyo maana hata katika kundi la darasa, ambako kila mtu anamjua kila mtu mpaka na jina la ukoo, bado mnatupiana maneno ambayo hamngeyatamka pale uwanjani wakati wa mapumziko. Jina linaonekana, namba ya simu inaonekana, ila macho hayaonekani.

Haya, tuje nyumbani kwetu.

Mchukue msichana wa darasa la saba. Jina tusimpe, kwa sababu yuko katika kila shule. Jumamosi, kwenye tuisheni, amesinzia. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo uko wazi. Mwenzake aliyekuja na simu ya kaka yake anampiga picha. Jioni anakaa nayo. Anakizungushia kichwa kidole, anakikata, anaandika chini yake "Profesa wa Usingizi". Stika tayari. Anaituma kwenye kundi. Kabla hajaweka simu chini, viuso vya kucheka mpaka machozi vimejipanga kama siafu. Nao ni vitukuu vya ule uso wa Fahlman, uliobuniwa ili watu wasielewane vibaya. Leo wanatumwa kumcheka mtoto wa watu.

Yeye wakati huo yuko uani anaosha vyombo. Hana simu. Namba iliyomo kwenye kundi ni ya mama yake. Kwa hiyo wa kwanza nyumbani kuiona stika ni mama, aliyekuwa akisubiri ujumbe wa muamala wa pesa. Na mama anajua kitu ambacho kundi zima halikijui: binti yake alisinzia kwa sababu usiku kucha mdogo wake alikuwa na homa, na yeye ndiye aliyekuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji.

Katika nyumba zetu nyingi simu ya mtoto ni simu ya mama, au ya baba, au ya shangazi. Unapomwandikia rafiki yako tusi, anayelipokea ni mtu mzima ambaye kesho ukikutana naye njiani utamwamkia shikamoo. Na upande wa pili ni vilevile. Ukitukana kwa simu ya mama yako, kule linakofika hilo tusi panaonekana picha ya mama yako amevaa kitenge chake cha harusi, anatabasamu, na pembeni yake yale maneno yako. Umemtukanisha mama yako kwa kinywa chake mwenyewe!

Aliyeitengeneza ile stika akijuta baada ya nusu saa, ataweza kuifuta kundini. Lakini waliokwisha kuihifadhi kwenye simu zao wanayo, na wataituma darasa jingine, na shule nyingine. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari ya kusambaza kusambaza. Mwaka 2019 waliweka kikomo: ujumbe uliweza kusambazwa kwa makundi au watu watano tu kwa mpigo. Aprili 2020 wakakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili juu yake, hutumwa sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Wakatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Ilitosha kuongeza usumbufu kidogo wa kidole, watu wengi wakaacha. Maana yake wengi hatusambazi kwa sababu ya chuki. Tunasambaza kwa sababu ni rahisi.

Kuna ukatili mwingine usio na tusi hata moja. Ili muuelewe, nendeni pamoja nami kwenye bustani moja, huko huko Marekani. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa amekaa na mbwa wake. Watu wawili asiowajua walikuwa wakirushiana kisahani cha plastiki. Kikaangukia karibu naye. Akasimama, akawarushia. Wakamrudishia! Basi wakawa watatu, wanarushiana, raha tupu. Baada ya dakika chache wale wawili, bila kusema neno, wakaacha kumrushia. Alisimama pale akingoja, mpaka akaelewa kwamba zamu yake haiji tena. Akarudi kukaa.

Hawakumtukana. Hakuwajua, wala hakutarajia kuwaona tena. Hata hivyo aliumia, akajishangaa kwa nini anaumia. Kwa kuwa kazi yake ni kuchunguza nafsi za watu, akatengeneza mchezo wa kompyuta wa namna hiyo. Unaona wachezaji watatu kwenye skrini, mmoja ni wewe. Mwanzo unarushiwa mpira kama wenzako. Kisha wale wawili wanaanza kurushiana wao kwa wao. Ukweli ni kwamba hao wawili si watu, ni kompyuta imepangwa hivyo.

Mwaka 2003 Williams pamoja na Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman walichapisha matokeo ya kuwapiga watu picha za ubongo wakiwa katikati ya mchezo huo. Waliponyimwa mpira, iliamka sehemu ya ubongo inayohusika pia na maumivu ya mwili. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata walioambiwa mapema "unacheza na kompyuta" walisononeka.

Kama mtu anaumia kwa kunyimwa mpira na mashine, je, mtoto anayenyimwa na watu anaokaa nao dawati moja? Mnafungua kundi jipya, wote mmo, yeye hayumo. Anauliza swali la hesabu kundini, wote wanasoma, tiki mbili za bluu, hakuna anayejibu, halafu dakika tano baadaye mwingine anauliza habari za mpira na majibu yanamiminika. Hakuna mwalimu atakayeweza kumwadhibu mtu kwa hilo, kwa sababu hakuna neno baya lililoandikwa. Lakini mpira mmemnyima. Kumjibu "mimi nimepata 48, wewe je?" kunachukua sekunde chache.

Ndugu wa karibu wa ukatili huu ni kijembe cha stetasi. Kwa mafumbo, sisi hatuhitaji mwalimu. Mwanamke wa pwani anaweza kumwambia jirani maneno mazito kwa kuvaa kanga tu na kupita mlangoni kwake. Lakini kanga huonwa na walio mtaani. Stetasi huonwa na wote wenye namba yako. Unaandika "Wengine urafiki wao ni wa kuombea kalamu tu", umemlenga mmoja. Usiku huo watu sita hawalali, kila mmoja anahesabu kalamu alizowahi kukuomba. Kama una neno na mtu, mfuate yeye. Mwambie, "Jambo lile uliloniambia jana liliniuma." Ni gumu kuliko kuandika stetasi, najua, ila ndilo linalomaliza ugomvi.

Sasa nisikilizeni habari za binti mmoja wa umri wenu. Trisha Prabhu alikuwa na miaka 13, akiishi Naperville, katika jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka 2013 alisoma habari ya msichana mdogo wa Florida aliyepoteza maisha baada ya kuonewa mtandaoni kwa muda mrefu. Ilimchoma sana. Watu wazima wengi walikuwa wakisema: anayeonewa amzuie mwonevu, afunge akaunti, amwambie mzazi. Trisha akajiuliza kwa nini kazi yote anabebeshwa anayeumizwa. Kwa nini asisimamishwe anayetuma, kabla hajatuma?

Alikuwa amesoma kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuambia "ngoja kwanza", huendelea kukua mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Basi akatengeneza programu ya majaribio. Vijana walionyeshwa maneno ya kuumiza na kuulizwa kama wangekuwa tayari kuyatuma. Asilimia 71 walikuwa tayari. Kundi jingine, kila walipotaka kutuma, waliulizwa kwanza: maneno haya yanaweza kumuumiza mwenzako, una hakika unataka kuyatuma? Waliobaki na nia ya kutuma walikuwa asilimia 4. Mwaka 2014 kazi hiyo ilimfikisha fainali ya mashindano ya sayansi ya vijana ya Google, na baadaye ikawa programu ya simu iitwayo ReThink.

Lililonifurahisha mimi katika jaribio hilo ni kwamba hakuna aliyekemewa. Hakuna aliyechapwa wala kunyang'anywa simu. Waliulizwa tu. Wengi wenu si wabaya hata kidogo, mna vidole vyepesi tu.

Swali hilo mnaweza kujiuliza bila programu yoyote. Yasome uliyoandika kwa sauti, uyasikie. Kisha ujiulize: ningeyasema haya akiwa amekaa mbele yangu, na mama yake yuko pembeni anachambua mchele? Kama jibu ni hapana, futa. Kama umekasirika mpaka mikono inatetemeka, weka simu kabatini ukachote maji. Hasira ya usiku ikilala, asubuhi mara nyingi utaikuta imepungua.

Heshima haimaanishi mkubaliane kwa kila kitu. Bishaneni! Mtu akisema timu yako haijui mpira, mwambie imeshinda mechi ngapi. Akikosea hesabu, mwonyeshe alipokosea. Unachobishania ni hoja yake. Sura yake, kabila lake, dini yake, kigugumizi chake na viatu vyake havimo kwenye mjadala. Na unapomwandikia mwalimu au mtu mzima yeyote, usianze na "niaje" saa tano za usiku. Anza na shikamoo, jitambulishe, useme shida yako, umalize kwa asante.

Itatokea siku umekosea, kwa sababu wote hukosea. Siku hiyo usiandike "samahani kama umekasirika". Hiyo ni njia ya kumwambia mtu kwamba tatizo ni hasira zake. Sema ulichofanya: "Nilikutengenezea stika bila ruhusa yako, nikakufanya uchekwe na watu. Nimekosa. Naomba unisamehe." Na uombe pale pale ulipokosea. Aliyetukana barazani haombi radhi chumbani. Kama ulimdhalilisha kundini, rudi kundini, uwaombe na wengine waifute kwenye simu zao.

Wengi wenu, hata hivyo, si watengenezaji wa stika wala si wenye kuchekwa. Ninyi ni wale thelathini mnaotazama. Msijidanganye kwamba hammo. Mwonevu hachezi bila watazamaji, na kila kicheko mnachobandika ni makofi. Mmoja wenu akiandika "hii tuache jamani", mara nyingi utawaona wengine watatu waliokuwa wakingoja mtu wa kuanza. Ukiogopa kusema mbele ya wote, mwandikie aliyeumizwa peke yake: "Nimeona walichofanya. Si haki. Jumatatu tukae pamoja." Lakini usimtetee kwa kumtukana aliyetukana, maana hapo matusi yatakuwa mawili na mwenye makosa atapata kisingizio.

Na wewe uliye katikati ya hayo yote, unayeisikia simu ikilia na tumbo likikaza: kosa si lako. Usijibu ukiwa na hasira. Piga picha ya skrini, ionyeshe jina na saa, uihifadhi. Kisha mzuie asikufikie tena. Halafu mwambie mtu mzima unayemwamini, awe mama, mwalimu, shangazi au bibi. Na kama anayekuandikia anakutisha, au anakudai picha za mwili wako, usingoje kesho. Mwambie mtu saa ileile, hata kama ulishamtumia kitu unachokionea aibu.

Najua kwa nini watoto hawasemi. Wanaogopa simu itachukuliwa. Wazazi mnaosikiliza hapa mkijifanya mnasubiri chai, hili ni lenu: mtoto akileta habari ya kuonewa, ukamnyang'anya simu, umemwadhibu yeye kwa kosa la mwingine, na mara nyingine hataleta. Kwanza msikilize mpaka amalize.

Mtoto asiye na wa kumwambia nyumbani anaweza kupiga 116, namba ya kuwasikiliza na kuwasaidia watoto, Tanzania, Kenya na Uganda, bila malipo. Tena sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa uonevu wa mtandaoni inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, nayo ni kali. Sikuitaja ili muogope polisi. Nimeitaja ili anayeonewa ajue kwamba nchi nzima imekubali kuwa anachotendewa si utani.

Hadithi imeisha, ila kazi haijaisha. Leo jioni, simu ya mama ikikufikia mkononi, pitia makundi yenu umtafute yule aliyeuliza kitu na hakuna aliyemjibu. Mjibu.